Mguu wa Bi Aziza

Juzi niliingia duka moja la viatu pale Al Rigga, hapa Dubai, kumnunulia mwanangu viatu vya shule, na kabla sijafika hata kwenye rafu ya kwanza, harufu ikanikamata. Harufu ya ngozi mpya, imechanganyika na gundi na zile karatasi laini wanazojazia ndani ya viatu visibonyee. Nikasimama palepale kama mtu aliyesahau alichofuata. Mwanangu akanivuta mkono, nami nikamwambia ngoja, ngoja kidogo, maana nilikuwa nimeshakwenda mbali.

Msichana wa dukani alikuwa Mkenya, mchangamfu, jina lake Mercy limebandikwa kifuani. Akamkanyagisha mwanangu kwenye kile chuma cha kupimia, akasoma namba. "Ni thati-tuu, madam, lakini tumuongezee moja, hawa wanagrow mbio sana." Kisha, huku anafungua boksi, akaniambia kwamba kwao mama yake huwapiga picha wadogo zake miguu, rula imewekwa kando, halafu anamtumia kwa simu ili yeye awachagulie viatu huku Dubai. Jamani, nilicheka mpaka machozi. Mercy akanitazama kwa wasiwasi, labda alidhani namcheka mama yake. Nikamwambia, "Usinune, mwanangu. Nyinyi mnatumia simu. Sisi tulitumia penseli."

Na nyinyi wenzangu mnaonisoma, ngojeni niwaeleze hiyo penseli.

Tulikaa Bur Dubai, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Vyumba viwili, na jiko ambalo wakiingia watu wawili wa tatu anasubiri zamu. Tulikuwa sita: baba yangu, karani wa mizigo ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari, kwenye gati ya Deira, mama yangu, aliyeshona mabaibui mpaka macho yakawa mekundu, bibi yangu mzaa baba, Bi Salma, mimi, na wadogo zangu wawili ambao sina haja ya kuwataja zaidi, kazi yao ilikuwa kulia. Ukifungua mlango ulikuwa Dubai, honi na Kiarabu na Kihindi. Ukiufunga ulikuwa Unguja, harufu ya nazi na sauti ya Bibi akimgombeza mtu.

Bibi alitoka Unguja baada ya mapinduzi, yeye na mumewe na baba yangu akiwa bado mchanga wa kubebwa, na tangu siku hiyo hakurudi. Babu alifia hukuhuku. Kichwani mwa Bibi, kwao palisimama kama saa iliyoharibika. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita, lakini yeye alipowazungumza watu wa nyumbani, walikuwa bado wanawasha kandili, bado wanapanga foleni ya unga, bado wanafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Basi alipeleka sabuni. Kila msafiri alibebeshwa sabuni. Ukifungua kabati letu unatafuta shuka, unaangukiwa na sabuni.

Nao wa kule walikuwa na Dubai yao. Zuwena, mjukuu wa dada yake Bibi, rika langu kabisa, aliniandikia barua akaniuliza kama ni kweli sisi huku hatutoki jasho. Ati amesikia kila mahali pamewekwa baridi, hata barabarani. Na mimi, mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu ndiyo. Nikamwandikia kwamba jasho nimelisahau. Barua yenyewe niliiandika jikoni mwezi wa saba, karatasi inanigandia mkononi, kwa sababu mashine ya baridi tulikuwa nayo chumba kimoja tu na Bibi alikuwa amelala humo.

Sasa miguu. Kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, Bwana Faki alikuja. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa kwenda na kurudi, mnene, mpole, anapenda sana kahawa ya mama. Alileta bahasha kubwa, na ndani ya bahasha mlikuwa na miguu. Yaani watu wa nyumbani walikanyaga karatasi, mtu akawazungushia penseli, wakaandika jina penye kisigino, wakatuma. Kwa miguu hiyo Bibi aliwanunulia viatu vya Idi. Karatasi zilikuwa za kila namna: daftari la shule, mfuko wa sukari, mgongo wa kalenda. Zote zilinuka karafuu kidogo na mafuta ya nazi, na nyingine zilikuwa na mchanga mwembamba uliokwama kwenye mikunjo. Nilikuwa naulamba ule mchanga. Msinicheke, nilitaka kujua kwetu kuna ladha gani.

Kazi yangu ilikuwa kukata. Nilikaa juu ya mkeka na mkasi wa mama, nikakata mguu mmoja mmoja, nikaupanga. Ndivyo nilivyowajua ndugu zangu. Sikuwa nimewaona nyuso, lakini nilijua nani ana kisigino kipana na nani kidole gumba chake kimejitenga na wenzake. Mguu wa Zuwena niliukanyaga kila mwaka nikaupima na wangu. Mwaka niliokuwa na miaka tisa ulinipita nusu kidole, nikanuna siku mbili, mama asijue nimepatwa na nini. Na miguu haikuwa ikipungua, ilikuwa ikizidi. Walianza watu wanane, wakawa kumi na wawili, wakaingia majirani, akaingia mzee mmoja ambaye hata Bibi hakumjua. Mama akisema kule nyumbani watu wanaota miguu kama uyoga. Bibi alimnunulia na huyo mzee.

Mguu mmoja tu haukuja. Wa Bi Aziza, dada yake Bibi, mkubwa wake kwa miaka mitatu. Ndiye aliyebaki na mama yao mgonjwa, na ndiye ambaye nyumbani kwake karatasi zote zilichorwa. Aliwakanyagisha wenziwe wote, yeye mwenyewe hakukanyaga. Hata simu ya jirani, tulipopiga sikukuu, kila mtu aliitwa akaja akapokea, akasalimia, akaomba chake; Bi Aziza alikuwa ametoka. Kila sikukuu ametoka. Bibi alikuwa anashikilia ile simu kwa mikono miwili mpaka baba anamwambia, "Mama, wameshakata."

Kila mwaka Bibi alizipitia zile karatasi mara mbili. Mara ya kwanza haraka haraka, anajitia hana anachotafuta. Mara ya pili polepole, anatenganisha zilizogandana. Akimaliza husema, "Haya, kata," kwa sauti ya kawaida kabisa. Alikuwa mwanamke wa kujikaza kisabuni, bibi yangu. Lakini mimi nilikaa chini, na mtu aliyekaa chini anaiona vizuri mikono ya mkubwa. Ilikuwa bado inaipapasa karatasi ya mwisho, kama kwamba kuna nyingine chini yake.

Sababu alinieleza mwenyewe, mchana mmoja nikimkanda miguu. Siku aliyoondoka, mumewe alimwonya asimwambie mtu. Basi alimdanganya dada yake. Alisema anampeleka mtoto hospitali, atarudi kabla ya adhuhuri. Ndara zake zilikuwa zimekatika siku nyingi, na pale mlangoni palikuwa na makubadhi ya Aziza, mazuri, ya ngozi, aliyoyapata harusini na kuyavaa kwa nadra. Akayavaa. Akatoka nayo, akapanda nayo boti, akafika nayo Mombasa, akafika nayo Dubai. "Nimemwacha na mama mgonjwa, nimemwongopea, na viatu vyake nimeondoka navyo," akaniambia. "Mwaka mzima niliyavaa mpaka yakaisha, na kila hatua nasema, mwizi, mwizi. Na wallahi sijui siku ile yalifikaje mlangoni. Alikuwa akiyaweka chini ya kitanda, kayafunga kwa kitambaa." Kisha akanisukumia mguu wa pili niukande.

Mguu wenyewe huo wa kushoto ulikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda, kimelala juu ya mwenziwe. Mchi ulimwangukia utotoni, ndivyo alivyosema. Viatu vyote vilimwonea hapo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na kiherehere tele. Nikawaza: kama shida ni mguu, mguu unachorwa. Yeye si anataka mguu wa dada yake? Ataupata. Na kwa kuwa walikuwa wakiazimana viatu, saizi yao lazima ilikuwa moja, kwa hiyo mguu wa Bibi ndio mguu wa Bi Aziza. Wenzangu, kwa mtoto wa miaka kumi na moja hiyo ni hesabu safi kabisa.

Mwaka huo Bwana Faki alipoleta bahasha, nikaiba karatasi moja iliyofungia zile nyingine, mgongo wa kalenda usiochorwa kitu, yenye harufu ya karafuu ya kwao ili isije ikanisaliti. Nikangoja baada ya chakula cha mchana. Mashine ya baridi ilikuwa inanguruma, pazia limefungwa, chumba kizima cha kijani kwa ajili ya rangi ya lile pazia. Bibi amelala chali, kanga mpaka kifuani, miguu nje. Nikaibandika karatasi kwenye daftari langu, nikaiegemeza kwenye unyayo wake wa kushoto, nikaanza kuzungusha penseli, pumzi nimeibana. Nilipofika upindeni mwa unyayo akatekenyeka. Akavuta mguu kidogo, akasema kwa sauti ya kitoto ambayo sijapata kuisikia kwake, "Aziza, niache." Nikakauka. Hakufumbua macho. Baada ya muda mguu ukarudi wenyewe mahali pake, nami nikamalizia.

Kwenye kile kidole cha mwisho nikatumia akili. Nikakinyoosha. Sikutaka mguu utambulike ni wake. Nikakichora kidole kizuri kilichonyooka, nikaandika jina la Bi Aziza kwa kuiga mwandiko wa Zuwena, nikaichomeka karatasi katikati ya zile nyingine.

Ijumaa Bibi akatandika mkeka. Akapitia mara ya kwanza, haraka haraka, akaupita. Mara ya pili mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. "Bibi, huu nao? Uligandana na mwingine." Akaupokea. Akausoma. Akasimama nao, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaenda dirishani, akafungua pazia, akautazama kwa muda mrefu sana huku amenipa mgongo. Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi, na mama alikuwa anaendesha cherehani chumba cha pili. Cherehani ilisimama, ikaanza tena, ikasimama, na Bibi bado yuko pale.

"Nipe kalamu," akasema.

Nikampa penseli. Akasema siyo hiyo, ya wino, ya baba yako. Nikaleta. Akaiweka karatasi juu ya kizingiti cha dirisha, na penye kile kidole cha mwisho akachora upya, taratibu, ulimi umemtoka kidogo kama mtoto wa shule. Akakipinda. Akakilaza juu ya mwenziwe, vilevile kama kilivyo. "Penseli ilipotea hapa," akasema. "Kidole kimepinda." Mimi kwa uoga nikauliza kama na Bi Aziza naye kidole chake kimepinda. Akaniangalia, macho yamejaa maji, akasema, "Kata. Na angalia usinikatie kidole."

Nikakata. Nilikuwa nimefurahi mpaka nasikia kizunguzungu. Masikini Bibi, nikawaza, amesahau, anadhani dada yake ana kidole kama chake. Nimemweza.

Tulivuka kwa abra, ile mashua ya kuvushia watu, kwenda Deira, mimi na yeye, mfuko wa miguu umelala mapajani mwangu. Duka letu lilikuwa la Mhindi mmoja mwembamba aliyekuwa anatujua, na Bibi alikuwa akimwita arbab, yaani tajiri, kwa kumkejeli, maana huyo Mhindi mwenyewe alikuwa na arbab wake aliyemtia adabu. Kawaida tulinunua kwenye lundo la chini. Nilichomeka mguu wa karatasi ndani ya kiatu, nikaulaza; ukilala bila kukunjika, na nafasi ya ncha ya kidole ikabaki mbele, khalas, tunachukua. Karatasi tuliiacha humohumo kiatuni, ili kule wanaopokea wajue kipi cha nani. Lakini ilipofika zamu ya Bi Aziza, Bibi alionyesha kidole kwenye kabati la kioo. Makubadhi ya kahawia, ngozi laini, mshono wa mkono. Mhindi akashangaa. Mimi nikatoa karatasi, Bibi akasema ngoja. Akavua ndara zake, akayavaa yeye mwenyewe, akatembea nayo mpaka mlangoni mwa duka. Akasimama kwenye kizingiti, anatazama nje. Halafu akarudi, akayavua, na ile karatasi akaichukua mkononi mwangu akaiweka yeye kwenye kiatu cha kushoto, akaibonyeza pale penye kidole isije ikatoka.

Bwana Faki akaondoka na mzigo. Ramadhani ikaingia, ikapita. Idi ikaja, tukapiga simu, Bi Aziza alikuwa ametoka. Hapo ndipo uoga uliponishika sawasawa. Niliwaona akilini wanafungua mzigo, Bi Aziza anaulizwa kwa nini ameomba kisirisiri, anaapa hakuomba, watu wanamcheka. Nikamwona amerudisha makubadhi na tusi juu yake, na Bibi anaujua uongo wangu. Nilishindwa kula. Mama akanipa maji ya tangawizi, akidhani ni tumbo.

Bwana Faki alirudi wiki kadhaa baadaye, alasiri. Akaketi, akaleta halua, akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, mtu hana haraka! Bibi alikaa mbele yake ameshika kikombe chake hakijaguswa. Ndipo Bwana Faki akajifuta mdomo, akasema, "Bi Aziza kanituma kwako. Kaniambia nisiongeze wala nisipunguze. Kasema, makubadhi yamenitosha. Kasema tena, safari hii mlangoni siyaweki. Akiyataka aje ayatwae mkononi mwangu."

Baba alimtazama mama, mama akatikisa kichwa. Mimi nilielewa kitu kimoja tu, kwamba kule kuna mtu ana hasira na anamwita Bibi wakagombane.

"Rudia," Bibi akasema.

Bwana Faki akarudia. Bibi akamwambia, rudia tena. Mara ya tatu, alipofika kwenye neno mlangoni, Bibi akatoa sauti ambayo hakuna aliyejua kama ni kicheko au kilio. Kikombe kikampotea mkononi, kahawa ikamwagika yote kwenye mkeka wa mama. Akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika, na kila akitaka kusema anasema neno moja, "Kumbe. Kumbe. Kumbe." Baadaye akauondoa mtandio, uso umelowa, kama amepungua miaka kumi, akamwambia baba, "Nikatie tiketi. Na huyu mtoto atakuja na mimi."

Unguja ninayoikumbuka ni kama kitu nilichokiona nikiwa na homa. Majani mengi mno, rangi nzito, hewa yenye maji, na watu wanaonikumbatia ambao nawatambua nikitazama chini. Huyu Mwanahawa, huyu Jecha, huyu kidole gumba kilichojitenga. Zuwena alinipokea mlangoni amevaa viatu nilivyomchagulia kwa mkono wangu. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, macho yakasimama kwenye viatu vyangu, vilivyobanduka upande na kushonwa na mama kwa uzi wa baibui. "Ala! Mbona vyako vibovu kuliko vyangu?" akasema. Kisha akanishika shavu. "Na jasho unatoka." Nilitaka ardhi inimeze. Mchana tukapeleka sabuni ndani, na kabatini kwao nikakuta sabuni, sabuni yetu, imepangwa mpaka juu, na kando yake ya dukani kwao wanayoitumia kila siku. Ile yetu walikuwa wanatuwekea sisi. Walisikia ngozi ya Dubai imelainika haiwezi nyingine.

Bi Aziza hakuja mlangoni kutupokea. Alikuwa amekaa chumbani juu ya kitanda, mwembamba, miguu peku, makubadhi mapya yamelala mapajani mwake. Bibi akaingia, mwanamke niliyekuwa namwogopa kuliko polisi, akapiga magoti chini kama mtoto, akamshika dada yake miguu. "Shikamoo, dada." Nikahesabu pumzi zangu. Kisha mkono wa Bi Aziza ukashuka ukatua kichwani kwa Bibi. "Marahaba, mdanganyifu wangu," akasema. "Hospitali kulikuwa na foleni?"

Lo! Walivyocheka. Walivyolia. Wakabaki palepale, mmoja juu mmoja chini, na Bibi akamuuliza, kwa nini miaka yote hukunipa hata mguu? Bi Aziza akamjibu, "Kila anayechora mguu anaomba kitu, na kila anayeshika ile simu anaomba kitu. Miye haja yangu ilikuwa moja, na hiyo haiuzwi Dubai. Ningekuombaje urudi, na njia nilikupa mwenyewe?" Akamwambia alijua tangu usiku wa kuamkia siku ile. Aliona namna Bibi alivyokuwa akimwangalia mama yao. Akaona ndara zilizokatika. Akaenda chini ya kitanda, akafungua kitambaa, akayaweka makubadhi mlangoni, akajilaza akajifanya hana habari. "Nikasema, akiondoka asiondoke peku."

Mimi haya niliyasikia nusu nusu, kwa sababu nilikuwa na dhiki yangu. Nilikuwa natazama miguu ya Bi Aziza. Vidole vyote kumi vimenyooka! Hata kile cha mwisho cha kushoto, kimenyooka kama nilivyokichora mimi kabla Bibi hajakiharibu. Sasa Bibi ataona, nikawaza, na nitakwisha. Basi kwa wiki mbili nzima nilikuwa namfunika Bi Aziza miguu. Akikaa, nakuja na kanga, nasema, "Bibi, utaona baridi." Baridi, Unguja, mwezi ule! Wazee wale wawili walitazamana, wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, nimeridhika kwamba hawajui wanachokicheka.

Tulirudi Dubai, Bibi kavaa makubadhi ya kahawia. Baada ya hapo alikuwa akienda kila mwaka, na kule hakubeba tena sabuni. Siri yangu niliibeba mpaka akafa, najiona bingwa. Mtoto aliyewapatanisha wazee kwa penseli, na wao hawakujua.

Bi Aziza alimfuata miaka miwili baadaye. Nilikwenda msibani. Siku ya tatu Zuwena akaniita chumbani, akafungua kasha la bibi yake, akanipa karatasi iliyokatwa umbo la mguu. Mgongo wa kalenda. Akanisimulia kwamba mzigo ulipofunguliwa, Bi Aziza alipandwa na hasira kweli, alisema hakumtuma mtu kumwombea viatu. Akavitupa kitandani, karatasi ikatoka. Akaiokota ili aichane, na alipofika kwenye kidole cha mwisho, akakaa kitako. "Huu si mguu wangu," akasema. "Huu mguu wa Salma. Kidole hiki nilikivunja miye kwa mchi, na mama nikamwambia kaanguka mwenyewe, na Salma akaitikia asinipigishe." Akaiweka karatasi kifuani. Akawaambia waliokuwepo, "Huyu anaomba kurudi. Niitieni Faki."

Nikaipeleka ile karatasi dirishani, kama alivyofanya Bibi. Ndipo nikamwona, mgongo wake kwangu, kalamu ya baba mkononi, ulimi umemtoka. Hakusahau kitu siku ile. Aliujua mguu wake tangu alipoupokea, akajua ni mimi, akajua na nia yangu. Na kwa kuwa kinywa chake kisingeweza kumwomba mtu kitu, na hasa dada yake, alichukua uongo wa mtoto akatia hapo neno moja la kweli, ambalo duniani kote ni mtu mmoja tu angelisoma. Nililia, wenzangu. Zuwena akadhani namlilia bibi yake, akanifuta machozi, nami nikamwacha adhani hivyo.

Karatasi ninayo, hapa Dubai, ndani ya boksi la viatu. Penseli yangu imeshafutika karibu yote, hata umbo la unyayo halionekani mpaka uinamishe karatasi kwenye mwanga. Kidole peke yake kimebaki, cheusi, kimepinda, kimelala juu ya mwenziwe.